Fundi wa Pancha Chini ya Ziwa

Katika miaka ya sabini nilikuwa fundi wa pancha pale Malaba, kando ya barabara ambapo malori yalisimama yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Nilikuwa na kompresa moja ya kujazia upepo, nimeifungua na kuifunga mara nyingi mpaka nikaijua kwa mlio wake. Kuhusu maji, nilijua tu mto wa kunyweshea ng'ombe wa baba, na hata huo sikuwahi kuuingia kupita magoti. Kwetu mtoto aliyechezea maji ya mto alichapwa.

Asubuhi moja pikapu ilisimama mbele ya kibanda changu, akashuka mwanamke aliyevaa suruali na kofia pana. Alikuwa mzaliwa wa Bukhayo, upande wa Busia, amesoma hadi chuo kikuu, na kazi yake ilikuwa kuchunguza samaki wa ziwa. Nyuma ya pikapu kulikuwa na kompresa ndogo kuliko yangu, lakini nzito kama jiwe la kusagia.

"Mafundi wa Busia imewashinda," alisema. "Wameniambia kuna mtu Malaba."

"Hii inajaza magurudumu gani, dada?"

"Haijazi magurudumu. Inajaza mitungi. Mtu anabeba mtungi mgongoni, anaingia chini ya maji, anapumua."

Nikacheka. Yeye hakucheka, kwa hiyo nikaacha. Niliifungua ile mashine, nikakuta ringi za pistoni zimekwisha, nikapata nyingine kwa mfanyabiashara wa vipuri, na jioni ikanguruma vizuri. Nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza.

"Njoo nayo," alisema. "Tunakwenda visiwani, tunalala ndani ya boti, tunakula ndani ya boti. Ikiharibika huko, hakuna fundi."

Nikamwambia sijui kuogelea. Akajibu kwamba hakuniita niogelee. Nikamwachia binamu yangu kibanda, nikamuaga baba, nikapanda pikapu. Baba alisema neno moja tu: "Maji hayana mkia wa kushika."

Boti ilikuwa inangoja Sio Port, bandari ndogo kando ya ziwa. Ilikuwa ya mbao, ndefu, ina paa la turubai na vitanda vyembamba pande mbili. Tulikuwa wanne. Yule dada ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Mshika usukani alikuwa Msamia, mwenyeji wa kando ya ziwa, mwenye umri wa makamo, aliyejua kila mwamba na kila mstari wa mpaka majini, maana upande wa pili askari wa Uganda hawakuwa watu wa kuchezewa. Wa nne alikuwa mzamiaji kutoka pwani, mtu wa Kwale, mwembamba, mwenye mvi kidogo. Kiswahili chake kilinifanya nione aibu kufungua mdomo. Nikisema "hii maji iko baridi," yeye hakunisahihisha, alinijibu tu kwa upole, "Naam, maji ni baridi kweli."

Siku za kwanza nilikaa karibu na kompresa yangu kama kuku anayelalia mayai. Yule wa pwani na dada walivaa mitungi, miwani ya kioo na viatu virefu vyenye mapezi, wakajitupa kinyumenyume majini. Mimi nilibaki nikitazama mapovu yao. Mapovu yakikawia, nilishika ukingo wa boti kwa mikono yote miwili. Msamia alinicheka. "Fundi, hata ukishika namna hiyo, hawatapanda haraka."

Halafu masikio ya dada yakaanza kuuma. Asubuhi iliyofuata shavu lake lilikuwa limevimba, na kushuka majini hakungewezekana. Kazi ilikuwa bado nusu. Sheria yao ilikuwa moja wasiyoivunja: mtu haingii chini peke yake. Msamia alisema wazi kwamba yeye ni wa juu ya maji, na boti haiwezi kuachwa. Wote watatu wakanigeukia.

"Mimi siwezi ingia huko," nikasema.

"Huwezi au hutaki?" aliuliza yule wa pwani.

Nilitazama kompresa. Kila pumzi waliyokuwa wakivuta huko chini ilipita mikononi mwangu kwanza. Watu hawa walikuwa wameniamini kwa mapafu yao.

"Nataka," nikasema, na sauti yangu ikanishangaza mimi mwenyewe.

Tulianza kwenye ufuko wa kisiwa kimoja, maji yakinifika kifuani, mahali Msamia alipokagua kwanza kama kuna mamba au kiboko. Wanawake waliokuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani, waliacha kazi, wakaja kutazama. "Kumbuka jambo moja tu," mwalimu wangu, yule wa pwani, aliniambia. "Usizuie pumzi kamwe. Vuta, toa, vuta, toa, kama uko nyumbani." Nikauma kipande cha mpira kinacholeta hewa kutoka mtungini, nikachuchumaa. Maji yalipofunika masikio, nilisimama wima, nikitema na kukohoa. Wale wanawake wakapiga vigelegele vya kicheko.

"Vizuri," alisema yule wa pwani, kana kwamba nimefanya jambo la maana. "Sasa tena."

Nilirudia mpaka kicheko kikaisha na wale mama wakarudi kwenye omena yao. Mara moja hivi, nikiwa nimepiga magoti mchangani, nikasikia hewa ikiingia kifuani, kavu na tamu, na juu ya kichwa changu ziwa lote. Nilibaki humo. Sikutaka kutoka.

Kesho yake nilifunzwa kubana pua ili masikio yafunguke, na kutoa maji yakiingia kwenye miwani. Siku iliyofuata tukashuka kwenye miamba. Kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya kamba ya kupimia, yule wa pwani ahesabu samaki kandokando ya kamba hiyo.

Maji yalikuwa ya kijani, na mwanga ulishuka kwa mafungu. Tulipofika chini miwani yangu ikajaa maji, nami nikasahau kila kitu. Nilipiga miguu nikimbilie juu. Mkono ukanishika bega. Mwalimu wangu alisogeza uso wake mbele ya uso wangu, akaonyesha kifua chake: vuta, toa. Nikavuta, nikatoa. Nikainua kichwa, nikapuliza kwa pua, maji yakatoka, dunia ikarudi.

Ndipo nikaona fulu, wale samaki wadogo ambao sokoni Malaba niliwaona wamekaushwa tu, weusi kama makaa. Hai walikuwa na rangi ya bluu, ya manjano, na madume walikuwa na wekundu wa nyanya. Jike mmoja alikuwa na wanawe mbele ya jiwe, wengi, wadogo kama chembe za nafaka ya wimbi. Kivuli changu kilipowafikia, alifungua mdomo nao wakaingia wote, akaufunga, akanikazia macho.

Tulipopanda, dada alikuwa ameketi na kitambaa sikioni. "Umeona nini? Niambie."

Nikamwambia kwa Kiswahili changu kilichovunjika, nikachanganya Kiteso, lugha yetu ya nyumbani, nikatumia mikono. Alicheka mpaka akashika shavu kwa maumivu, kisha akasema, "Rudia pale pa mdomo." Nikarudia.

Kazi ilimalizika. Msimu uliofuata waliniita tena, na mwingine baada ya huo, si kwa ajili ya kompresa peke yake. Malaba madereva niliowasimulia waliniita mwongo, lakini baba alitaka kujionea. Alikuja kwa basi hadi Sio Port, akiwa amevaa koti lake la kanisani, akapanda boti akimshika Msamia mkono. Aliinama juu ya mtungi, nikamwekea kile kipande cha mpira mdomoni. Akavuta kidogo. Akavuta tena.

"Hii ni hewa tu," alisema.

"Ndiyo, baba. Ni hewa tu."

Akaketi kwenye ubao, akaweka fimbo yake katikati ya magoti, akayatazama maji.

"Basi ingia," akasema. "Nione."