Mchele wa Kumlilia Mkwe

Kisa hiki kimenigharimu mfuko wa mchele, katoni mbili za soda na heshima yangu yote hapa Buffalo, Marekani. Soda angalau nilipunguziwa bei.

Jumamosi niliona kwenye simu kwamba Furaha, binti wa jirani yangu aliyeolewa Louisville, ameweka picha ya kijana mmoja pamoja na nyuso zinazolia. Kaka yake wa Columbus aliweka picha ileile, na vijana wa kanisa letu pia. Kwetu picha moja ikisambaa hivyo, mtu amefariki. Sura haikuwa ya kwetu, ilikuwa nyeupenyeupe, lakini harusi ya Furaha sikuhudhuria, basi nikajua huyo ni mkwe. Nikahesabu picha mara mbili: kumi na saba. Marehemu alipendwa!

Nikabeba mchele na soda za msiba hadi kwa Mama Furaha, nikaanza kulia tangu kwenye ngazi.

"Pole, mama! Mkwe wetu alikuwa bado kijana!"

Akaiangalia picha kwenye simu yangu, kisha akaita jikoni: "Furaha! Kuja na bwana yako, Papa Eliya iko anamulilia!"

Kumbe walikuwa wamekuja kumtembelea. Mkwe akatokea na kijiko mkononi, mweusi kama mimi, akanipa pole.

"Bon, papa," Furaha akasema huku akicheka, "huyu ni mchezaji wa mpira wa Chile. Ameumia goti. Kwenye mtandao kila mutu anamupenda."

Walipomaliza kucheka, mchele wangu ulikuwa tayari kwenye sufuria. Wasomaji, nishaurini: mchango wa msiba unadaiwaje, ikiwa marehemu ameumia goti tu?