Kazi Ambayo Simu Ilisema Haina Ujuzi

Nakumbuka siku moja ya ule mwaka tulikula ugali wa manjano, wa mahindi ya msaada yaliyonuka gunia, hata mbwa alikuwa anaunusa kwanza. Nilikuwa msichana, shule nimeacha darasa la tatu, nimekuja kuchuma chai kwa shamba la kampuni huku Kericho. Nilijiona hodari. Wenzangu walikuwa wanaweka majani kwa kikapu kama wanaolaza mtoto, nikasema hawa ni wavivu. Mimi nilijaza, nikashindilia na goti, nikajaza tena.

Nilipomwaga mahali pa kupimia, majani ya chini yalikuwa mekundu na moto kama yametoka kwa sufuria. Nyapara akayatupa yote. Hapo sikulia. Nililia kwa aibu nilipomwona Mama Apiyo anakuja, mama mnene wa kutoka upande wa ziwa, aliyeanza kuchuma kabla mimi sijazaliwa.

"Wewe msichana wa goti," akaniita, na wenzake wakacheka. "Hilo jani liko hai. Ukilikalia linakufa kabla ya kiwanda. Kwani wewe ukikaliwa ungenukia vizuri?"

Alinishika vidole, akanifunza msimu mzima. Majani mawili na kichipukizi. Vunja, usikwaruze. Usifungie mkononi mpaka yapate joto. Kichaka kibaki sawa juu kama meza. Mwanangu mwalimu, ilinichukua miaka miwili kuijua hiyo kazi, na wa kwanza nilikuwa naharibu tu.

Sasa sikia. Mjukuu wangu Chebet, anayeniita Kogo, yaani nyanya, ni mwalimu wa somo la jamii huko Sotik. Najivunia yeye, nisiseme uwongo. Majirani wamechoka kunisikia. Juzi alikuja na simu. Kuna mahali kwa mtandao walimu wanapata masomo yakiwa tayari, ya jamii na ya uchumi, na picha, na maswali, na majibu. Yeye alitaka kupeleka lake, la chai. Wakilikubali, walimu wa kila kaunti watalitumia na jina lake litakuwa hapo chini. Kilichobaki ni kunipiga video katikati ya chai yangu, hii ndogo niliyoipanda mwenyewe nyumbani, nikiwa na kikapu, niseme mstari alioutoa kwa somo lingine huko huko: "Mimi ni mchuma chai. Kazi yangu haihitaji ujuzi."

Nilimwambia arudie. Akarudia.

"Nani aliandika hiyo?"

"Sijui, Kogo. Iko tu kwa mtandao. Kwa uchumi wanaita hivyo kazi ambayo mtu hakusomea."

"Na mtoto akiandika kwa mtihani kwamba kuchuma chai ni ujuzi?"

"Anakosa."

"Na wewe ndiye unamwekea kosa."

Akainamia simu yake. Mimi nikaendelea. Wale watoto, mama zao wako kwa chai asubuhi hiyo hiyo. Mtoto anarudi nyumbani, anaangalia vidole vya mama yake vilivyoingia weusi wa majani, na ameshafundishwa kwamba hapo hakuna kitu. Na anayemfundisha amesomeshwa na vidole kama hivyo, vyangu.

Nikamvalisha kikapu. "Chuma basi, mwalimu." Alichuma nusu saa. Nikamwaga mbele yake: vijiti, majani magumu, na mengine yamelegea kwa joto la kiganja chake.

"Kogo, mwisho wa kupeleka ni leo."

"Basi ipite. Mimi sitasimama kwa chai yangu niseme sijui kazi."

Ikapita. Jina lake halikutokea popote, na alinuna, hata chai yangu hakunywa. Asubuhi alikuja na daftari, akauliza tena ile habari ya joto la mkono.

Mwanangu unayefundisha, sina vita na mtandao. Toa huko ramani, toa picha za bandari chai yetu inakopandia meli, nilionyeshwa, nikazipenda. Lakini somo likitaja kazi ya watu, lisome kwanza mbele ya hao watu, ukiwaangalia machoni. Ukiona aibu, futa. Mungu abariki hivyo vidole vyako vya chaki na vya simu, visiandike kitu cha kumfanya mtoto amdharau mama yake. Na ukija kwangu na ule mstari, hata kama ni wa kukupandisha cheo, nitakupa chai, nitakupa kiti, na jibu ni lile lile. Mimi sitasimama kwa chai yangu niseme sijui kazi.