Mwanamke Aliyesimama Badala Yangu

Phylis Katee alifunga maua kwenye shamba la maua Isinya miaka kumi na miwili. Mikono yake ilijaa alama za miiba, na kila Jumapili alikaa nyuma kanisani. Viti vya mbele vilikuwa vya mabroka, madalali wa mashamba. Hakuna aliyewauliza mali wamepataje. Huku kwetu watu huuliza jambo moja tu: umejenga wapi? Phylis hakuwa amejenga popote.

Haya aliniambia mwenyewe, siku niliyoenda kwake kudai jina langu.

Mume wangu, Parsaoti, aliuza shamba letu lote, hata pale boma lilipo. Ilitakiwa mke afike mbele ya bodi ya ardhi, Kajiado, akubali. Alijua nitakataa. Basi akachukua kitambulisho changu na shanga zangu za shingoni, na broka wake akatafuta mwanamke wa umri wangu wa kuitwa Nasieku, jina langu, kwa siku moja. Phylis ni Mkamba, hajui Kimaa, lugha yetu Wamaasai. Wakamfunga shuka, wakamvisha shanga.

"Waliniambia nisiongee," akasema, akinimiminia chai ambayo sikuinywa. "Eti mke wa Kimaasai hana maneno. Niinamishe kichwa, nikiulizwa niitikie."

"Na wakaamini?"

"Dada, hata hawakuniangalia."

"Hukuona haya?"

"Haya niliona miaka yote nikifunga maua. Hiyo siku broka alinifungulia mlango wa gari. Wewe umewahi kufunguliwa?"

Sijawahi.

"Jumanne bodi inakaa tena. Njoo useme ni wewe uliyesimama," nikamwambia.

"Nikisema nitafungwa. Na mimi nimeshachimba msingi wa nyumba kwa pesa walizonilipa."

Akaingia ndani, akarudi na shanga zangu zimefungwa kwa gazeti. Akaniwekea mkononi bila kuniangalia.

Jumanne nilizivaa nikaenda Kajiado. Nilimngoja Phylis kwenye benchi mpaka nikaitwa. Hakuja. Nikaeleza peke yangu, kwa sauti, kila kitu. Afisa akafungua faili.

"Nasieku alikuja hapa akakubali," akasema. "Alikuwa mama mtulivu. Sasa wewe ni nani? Kitambulisho kiko wapi?"

Kitambulisho Parsaoti hakunirudishia. Alikuwa ameketi nyuma yangu na ndugu zake. Nikageuka ili aseme mimi ni nani, mimi niliyemzalia watoto wanne. Akaangalia viatu vyake. Ndugu zake nao wakageuza nyuso, na nimewapikia wote.

Faili ikafungwa.

Boma langu sasa limezungushwa ukuta wa mawe, na mlinzi wa pale hunifukuza kama mbuzi. Nyumba ya Phylis imefika kwenye linta, juu ya madirisha. Nasikia siku hizi kanisani anakaa mbele. Mimi nimepanga chumba Kitengela. Wapangaji wenzangu hawajui jina langu. Wananiita mama wa namba saba, na ninaitika.