Nilificha maumivu ya kiuno, shemeji yangu akavunjika mguu

Wakuu, heshima kwenu. Na wazee wenzangu wachache mliomo humu, shikamooni.

Nimesoma nyuzi nyingi za vijana wa gym mkihimizana kwamba ukisikia maumivu ongeza uzito. Nimekaa kimya muda mrefu. Leo nasema yangu, hata pale yanaponiaibisha.

Ilikuwa miaka ya sabini, wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Tulitakiwa kuacha maboma yetu ya zamani tusogee kijiji kipya cha Nyansurura. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na nguvu nilikuwa nazo. Gunia la mtama lililojaa nililitupia begani bila kusaidiwa, watu wakisimama kutazama.

Karibu wiki mbili nilibomoa na kubeba. Miti ya paa, milango, mitungi, jiwe la kusagia la mama. Asubuhi mpaka jua kuzama.

Siku za mwisho kiuno kikaanza kuuma, chini kabisa, upande wa kulia. Nikiinama kinashika.

Sikumwambia mtu. Msio wa kwetu mnielewe: kijana wa Kikurya uliyetahiriwa bila kukunja uso, unaanzaje kulalamika kwa sababu ya miti?

Kabla sijapumzika, ikaja kazi ya kijiji. Tunajenga shule, kila watu wawili walete gogo moja kutoka mlimani.

Nikapangwa pamoja na Mwita, mume wa dada yangu Ghati. Mwembamba, mpole, misuli ya kuonyesha watu hana. Lakini Mwita alikuwa anaweza kutembea na mzigo kutwa nzima. Siri yake ilikuwa kupumzika kabla hajachoka. Mimi nilikuwa namcheka kwa hilo.

Gogo lilikuwa bichi. Yeye mbele, mimi nyuma kwenye shina, ndiko kuzito. Nilichagua mwenyewe.

Nusu ya njia mapaja yakaanza kutetemeka. Mwita akasikia gogo linavyoyumba.

"Shemeji, tutue kidogo?"

"Twende, mura," nikamwambia, yaani kijana wa kiume. "Pamebaki padogo."

Hapakuwa padogo. Baada ya muda akauliza tena. Safari hii sikumjibu, maana pumzi ya kujibu sikuwa nayo.

Kisha kiuno kikakata. Sina neno jingine. Miguu ikaniishia na mikono ikaachia.

Mwita akavutwa nyuma, akaanguka, gogo likamviringikia mguuni. Nilisikia mfupa.

Watu walipokuja mbio nikasema, "Nimeteleza." Mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Wote wakaamini.

Tulimbeba kwa kitanda mpaka hospitali ya Mugumu. Akafungwa plasta, mfupa ukaunga, lakini mguu haukurudi ulivyokuwa. Alichechemea maisha yake yote.

Mimi nikajipa kazi ya kulima shamba lake. Watu wakanisifu, shemeji gani huyu! Kila sifa ilinichoma. Na kiuno kilikuwa kinazidi.

Asubuhi moja niliinama na jembe nikashindwa kuinuka. Ghati akanikuta na uji mkononi, mimi nimepiga magoti kwenye matuta.

"Kaka, hii imeanza lini?"

Nikashika mpini wa jembe nijaribu tena kuinuka.

"Nakuuliza, imeanza lini?"

"Kabla ya gogo."

Aliweka kibuyu cha uji chini taratibu sana. Hakulia, hakunitukana. Akasema, "Kamwambie mwenyewe. Mimi sitamwambia."

Nilikwenda jioni ileile nikishika fimbo. Mwita alikuwa amekaa nje, mguu ameunyoosha kwenye kigoda. Nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuuliza mara mbili," akasema. "Ungesema tutue, tungetua."

Basi. Akageuza uso. Hakuzungumza na mimi mpaka msimu wa mavuno, alipotuma mtu aniite tukale. Hatukulirudia lile jambo.

Kuhusu kiuno: dresa wa zahanati alinikataza kulala kitandani siku nzima. Alinianzishia kutembea, halafu kubeba nusu ndoo ya maji, nibaki kwenye kiasi hicho wiki kadhaa ndipo niongeze. Aliniambia misuli ikichoka haikulindi tena, mzigo wote unahamia kwenye mifupa na viungo. Kuinua kitu kizito mara moja ni nguvu ya aina moja, kudumu nacho njia nzima ni nyingine. Mimi nilikuwa na ile ya kwanza tu nikadhani ninazo zote.

Ilinichukua karibu mwaka.

Mwita alifariki miaka michache iliyopita, tukiwa wazee. Kwenye mazishi wakaniita nishike jeneza upande wa mbele, kama shemeji mkubwa. Nikasema mbele ya watu wote, "Kiuno changu hakitafika kaburini, mpeni mwenye nguvu." Vijana wakatazamana. Ghati alikuwa amekaa pale chini na wanawake. Akanyoosha mkono akanivuta nikae karibu naye.

Wakuu, ukiwa peke yako ficha maumivu ukitaka, mwili ni wako. Lakini ukishika upande mmoja wa mzigo, yupo mtu upande wa pili.

Wabeba mizigo, wachimbaji wa dhahabu wa Nyangoto, mafundi ujenzi: mmeshawahi kumwambia mwenzako "tutue"? Alikujibuje? Nawasoma wote.