Kesi ya Citlali na Mvulana Asiyeingia Ndani

"Efraín alikuwa mpenzi wako kweli?"

Nilimuuliza hivyo dada Citlali nikiwa na miaka kumi na moja, jikoni kwao mjini Watsonville, tukipaka unga wa tamale, mikate yetu ya mvuke, kwenye maganda ya mahindi. Yeye alikuwa na kumi na sita. "Paka, mdogo wangu," akanijibu. "Hayo maganda hayajipaki yenyewe."

Sikuuliza kwa umbea tu. Nyumba nzima ilikuwa inangoja mahakama ya rufaa ijibu swali hilohilo.

Efraín alimwacha mbele ya wenzake, nje ya ukumbi wa michezo shuleni. Citlali akamchapa kofi, kisha akamkwaruza shavu hadi damu ikatoka. Hakukana hata siku moja. Hakimu wa watoto alimkuta na hatia ya kumpiga mtu aliyekuwa mpenzi wake, kosa ambalo huku ni zito kuliko kumpiga mtu baki. Akapewa darasa la kuzuia hasira kila Jumamosi, mwaka mzima. Hilo angelimeza. Lililomuuma ni kwamba alitaka kusomea kutunza wazee, na mkuu wa mafunzo alimwambia wazi: kwa kosa la aina hiyo hampeleki kwenye makao yoyote ya wazee. La kawaida wangelivumilia.

Wakili wake, Bi Halvorsen, mama mrefu aliyemaliza tamale zetu nne bila kupumzika, akaona upenyo. Ushahidi wa mapenzi ulikuwa haba. Kwetu mvulana hahesabiwi mpaka aje nyumbani, avue kofia, aombe ruhusa kwa mama. Efraín hakuja. Alimwogopa mama mkubwa Ofelia, mama yake Citlali, na kusema kweli hata mimi namwogopa. Basi walikutana Jumapili kwenye duka la mashine za kufulia, kila mmoja na kapu la nguo za kwao. Walijificha vizuri mno, wakakosa shahidi hata mmoja. Mama mkubwa aliapa mbele ya hakimu, kidevu juu, kwamba hakuna mvulana aliyewahi kukanyaga kizingiti chake. Efraín naye, alipoulizwa walikuwa nani kwa nani, akatazama viatu vyake.

"Tulikuwa tunafua pamoja," akasema.

Nasikia hata karani alijikohoza ili asicheke. Citlali aliinamisha kichwa.

Majaji watatu wa rufaa hawakuona uso wa mtu. Walisoma karatasi tu. Jibu lao lilifika stroberi zilipoanza kuiva. Kufua nguo mahali pamoja kwa wiki kadhaa, waliandika, hakutoshi kuthibitisha mapenzi. Kofi lilibaki kofi, ila kosa likawa la kawaida. Wajomba wakawasha moto wa nyama. Mama mkubwa akamkumbatia wakili, akamwita mwanangu, ingawa mwanamke yule ana mvi kumshinda.

"Si niliwaambia?" akawatangazia wote. "Binti yangu hakuwa na mvulana."

Nilimkuta Citlali bafuni, amekaa ukingoni mwa beseni la kuogea na zile karatasi mapajani.

"Wameandika hakukuwa na kitu," akaniambia.

Nikakaa naye. Akanilalia begani. Kichwa chake kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani.

Mafunzo alipata. Leo ana miaka ishirini na mbili. Anawaogesha wazee, anawakata kucha, anawaimbia vibaya nao wanaitikia. Kuna bibi mmoja humpiga kila akivishwa soksi. Citlali humshika mkono, akingoja mpaka utulie, ndipo anaendelea na mguu wa pili.

Mwezi uliopita nilimsindikiza kazini. Getini nikamuuliza tena swali langu la jikoni. Nilidhani atanifukuza. Alisimama.

"Alikuwa," akasema. "Angekuwa mtu baki ningemwomba radhi siku ileile, nikasahau. Hakimu wa kwanza ndiye aliyenielewa."