Msindikizaji wa Bibie

Baba yangu amepiga piano ya jazi miaka thelathini na mmoja, na hajawahi kupiga wimbo wake mwenyewe. Kazi yake ni kusindikiza. Mwimbaji akivuta pumzi, anamngoja. Akiruka ubeti, anaruka naye, kisha wakishuka jukwaani anayeomba radhi ni baba. Mama alikuwa akimtania: "Laiti ungenifuata mimi hivyo!"

Mwimbaji mwenyewe tulimwita Bibie. Watu walisema sauti yake haizeeki, naye akawaamini.

Juzi baba alianguka akavunjika mkono, siku mbili kabla ya onyesho. Akaletwa mpiga kinanda wa kanisani, mama mmoja makini sana, akapewa karatasi za noti ambazo baba alimnakilia Bibie miaka ya mwanzo. Mazoezi yakaanza mchana, baba na mimi tumekaa mbele kwenye viti vya plastiki. Wimbo ulipofika kileleni, sauti ya Bibie ikakatika. Akarudia. Ikakatika tena, vibaya zaidi.

"Mwenzangu, umepandisha wimbo!" Bibie akamgeukia mpiga kinanda.

"Sijapandisha, mama. Nimepiga kama ilivyoandikwa."

Mpiga besi akaanza kukagua nyuzi zake, ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Nikamtazama baba. Akainuka, akamkabili Bibie.

"Nimekuwa nikiushusha," akasema. "Kidogo kidogo, usisikie."

Nikapigwa na butwaa. Mimi niliyemfungulia karatasi hizo tangu nina miaka tisa, sikujua! Kumbe nilikuwa nafungua pambo tu, yeye akipiga chini ya kilichoandikwa.

Bibie akaketi ukingoni mwa jukwaa.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule mdogo wako alipoondoka kwenye bendi."

"Hakuondoka. Nilimfukuza mimi, mbele za watu, kwa kushindwa kuimba noti hii hii." Akamkazia macho. "Ulikuwepo. Ulikuwa umekaa kwenye piano. Kwa nini yeye hukumshushia?"

Jamani, nilitamani baba aseme chochote kile, kwamba alisahau, kwamba aliogopa.

"Nilikuwa nakusindikiza wewe," akasema.

Alisema kwa upole ule ule nilioupenda maisha yangu yote, na mwili ukanisisimka. Bibie akatoa simu mkobani, akauliza nani ana namba ya mdogo wake. Tukatazamana ukumbi mzima. Hakuna hata mmoja aliyekuwa nayo.