Niliiruka Miguu ya Shangazi Zainabu

Nilipokuwa na miaka minane, kwetu Koboko, niliiruka miguu ya shangazi yangu Zainabu. Alikuwa mjamzito, amejinyoosha mkekani, na mimi nilidhani amelala. Kwetu kuruka miguu ya mama mjamzito ni mwiko mkubwa: uzazi utaharibika. Lakini dada yangu alikuwa ananikimbiza, na mkeka ulikuwa njiani.

Shangazi aliumwa uchungu siku mbili, akajifungulia nyumbani mtoto mkubwa kweli. Mtoto mzima, mama siyo. Haja kubwa ikawa inamtoka bila yeye kujua, hata akisimama kusalimia wageni. Bibi akatukusanya uani, fimbo mkononi.

"Iko mutu aliruka miguu ya huyu mama," alisema. "Aseme. Aruke tena kurudi, itaisha."

Niliitazama ile fimbo, sikukiri. Mume wa shangazi akaoa mwingine. Shangazi akawa anakula mara moja tu kwa siku, jioni, ili asiaibike mbele za watu. Mimi nikakua na siri yangu, nikiamini nimemharibu mtu niliyempenda kuliko wote.

Mwaka jana nilijifungua hospitalini, mjini Arua. Mtoto alipokwisha kutoka, mkunga alisema ananikagua kwanza. Akaingiza kidole chenye glavu njia ya haja kubwa.

"Kaza, kama unazuia hewa isitoke chini."

Nilikaza. Alikunja uso.

"Musuli iko imepasuka huku ndani. Tutashona leo leo. Ukiacha hivi, choo itakuwa inakutoroka."

Huo ndio ugonjwa wa shangazi! Nilimuuliza unaletwa na nini.

"Mutoto mukubwa, uchungu murefu," alisema. "Hakuna mutu alikosa."

Nililia mpaka akadhani nimeumia. Yaani kidole kimoja tu, na kwa shangazi hakuna aliyefikiria kutazama.

Nilipopata nguvu nilikwenda Koboko, mtoto mgongoni, nikamweleza shangazi kila kitu. Niliposema kwamba ni mimi niliyeiruka miguu yake, alitikisa kichwa.

"Mimi najua, mwanangu. Sikuwa nalala. Nilikuona."

"Mbona hukusema, shangazi?"

"Bibi yako ilikuwa na fimbo. Na wewe ulikuwa mudogo."

Akamchukua mtoto wangu, akampakata. Baadaye, bila kuniangalia, aliuliza kama mzee kama yeye pia wanaweza kumkagua. Nikamwambia wanaweza, na nitakwenda naye.

Daktari amesema msuli wake ulichanika zamani sana, lakini bado kuna la kufanya. Nimefurahi, ndiyo. Ila kuna jambo linalonishtua hadi leo. Shangazi aliuamini ule mwiko kama Bibi alivyouamini. Kwa miaka yote hiyo alijua, au alidhani anajua, kwamba akinitaja tu nitaruka tena naye atapona. Akachagua kushinda njaa ili mimi nisichapwe.